Lubumbashi: Wanagombania pedali na mikro, huku umeme unawapiga midomoni

Siku ya posho mchana, katika baa za Kamalondo, Kenya na Bel-Air, wanamuziki wanafika saa nane ili wapige saa kumi na mbili. Umeme haujarudi. Bafle zimepangwa, waya zimetandikwa chini, na masaa yale manne yanaliwa na maneno ya namna moja tu: materieli. Nani amepata pedali gani. Klavye gani ya zamani imefika kutoka Dubai. Mikro gani ni ya kweli na gani ni ya Guangzhou. Mdogo anamuuliza mkubwa: "Yaya, ile besi ya kwenye diski walipitisha kwenye efe gani?" Na yaya, ambaye hajawahi kukanyaga studio ile, anajibu bila kusita. Kisha umeme unarudi, muimbaji anasogeza mdomo kwenye mikro na kuruka nyuma. Amepigwa. Watu wanacheka, mtu analeta soksi, mikro inavalishwa soksi, wimbo unaanza.

Kicheko kile ni kibaya kuliko yote. Kijana anayeweza kutaja kwa jina na namba kila pedali ya Boss hajui waya ya kijani na njano kwenye prizi inafanya kazi gani. Orkestra inayochanga dola mia mbili kwa ajili ya boksi la korusi haina fimbo ya kufukia ardhini nyuma ya baa. Maneno ya materieli yamekuwa ugonjwa katika muziki wa mji huu. Yanakula pesa, yanakula masaa ya mazoezi, yanawafungulia mlango wauzaji wa uongo, na yanaficha hatari ambayo kwingine imekwisha kuua.

Mfano wa kwanza ni besi. Efe, zile boksi ndogo za kukanyaga kwa mguu zinazobadilisha sauti ya gita, zina kazi yake, na hakuna anayekataa hilo. Lakini mpiga besi anayeazima pedali ya distorsio kwa mwenzake wa gita solo anajikata miguu mwenyewe. Tube Screamer ya Ibanez, ambayo wapiga gita duniani wanaiabudu tangu mwisho wa miaka ya 1970, imetengenezwa ipunguze sauti nene kabla ya kuichafua, ili gita isigongane na besi. Kwa gita, huo ndio uzuri wake. Ukiifunga kwenye besi, kinachopotea ni besi yenyewe. Mpigaji haisikii tena, anafungua ampli mpaka mwisho, spika inapasuka, na wiki inayofuata orkestra iko kwenye likelemba ya kununua spika. Tena kuna wale wanaotaka Tube Screamer ya zamani tu, eti kwa sababu ndani yake kuna kidude cha JRC4558. Kidude kile kilikuwa cha kawaida kabisa, na namna yake inauzwa hadi leo kwa senti. Anayelipa mamia ya dola juu yake ananunua hadithi.

Mtu ambaye besi yake imeigwa kuliko karibu zote ni James Jamerson wa Motown, kule Detroit, Marekani. Alikuwa na Fender Precision ya mwaka 1962, nyuzi za uso laini ambazo hakupenda kuzibadilisha, na kidole kimoja cha mkono wa kuume ambacho wenzake walikipa jina la ndoano. Katika studio, gita yake iliingia moja kwa moja kwenye konsoli. Efe: hakuna. Na hapa nyumbani? Decca Mpudi na Flavien Makabi walishika besi katika TPOK Jazz ya Franco, orkestra iliyochezesha bara zima. Muulize kijana wa besi wa Katuba au wa Ruashi juu ya watu hao wawili, atakuangalia tu. Muulize juu ya tofauti ya pedali ya oktavu ya mwaka 1982 na ile iliyokuja baada yake, utakaa naye mpaka giza.

Besi ya seben haihitaji mapambo mengi kwa sababu nafasi yake ni ndogo na inajulikana. Juu yake kuna solo, mi-solo na akompa, gita tatu zinazoshonana kama mkeka. Besi inaruka, inanyamaza mahali fulani, inarudi kwa nguvu. Kule kunyamaza ndiko kunakomfanya mchezaji ainue kiuno. Ukiweka korusi nzito na mwangwi, nafasi zote zinajaa moshi, na hata mpiga ngoma hajui tena agonge wapi. Mtu anaweza kulitambua hilo kwa kusikiliza diski moja kwa makini mara ishirini. Hilo ni bure, lakini halina sanduku la kuwaonyesha rafiki.

Ugonjwa wa klavye za zamani umeingia hasa kupitia makanisa. Kwaya inachanga mwaka mzima, sadaka maalum inapitishwa ibada tatu mfululizo, na mwisho kamati inatangaza kwamba imepata klavye "ya wakubwa", ya miaka ya 1980. Mara nyingi jina linalotajwa ni Yamaha DX7. Ni mashine ya heshima. Ilitoka mwaka 1983, na sauti zake zinatoka katika hesabu iitwayo FM, iliyogunduliwa na John Chowning wa chuo kikuu cha Stanford. Sauti ya klavye za namna hiyo inasikika katika diski nyingi za soukous zilizorekodiwa Paris wakati ule. Basi, hesabu ni hesabu. Iko programu iitwayo Dexed, inayotolewa bure, inayofanya hesabu ileile ndani ya kompyuta na kusoma hata sauti zilezile za zamani. Tofauti ndogo iliyobaki, fundi wa studio mwenye masikio mazuri anaweza kuisikia. Muumini aliyekaa chini ya bati, mbele ya bafle iliyoshonwa kwa gundi, hawezi.

Tena klavye ya zamani haiji peke yake. Betri ya ndani ikizeeka, sauti zilizohifadhiwa zinafutika. Vifungo vinashika vumbi. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: klavye nyingi zinazoletwa kutoka Japani au Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa voliti 100 au 117. Hapa ukutani kunatoka 220, siku ambayo umeme una adabu. Mtu asiposoma kile kibandiko cha nyuma, mchango wa mwaka mzima unaondoka na moshi kwa sekunde mbili, na fundi wa mtaani anapata vipuri vya bure.

Kinachochekesha ni kwamba hao wanaoabudu mashine za zamani wameisoma historia yake kwa kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Roland ilitoa TB-303, kimashine kidogo cha kumsaidia mpiga gita asiye na mtu wa besi. Watu hawakukipenda. Kufika 1984 kiliachwa kutengenezwa, na vilivyobaki vikaishia kwenye maduka ya vitu vya mkono wa pili. Hapo ndipo vijana weusi wa Chicago walipokipata, kwa sababu kilikuwa bei ndogo. Mwaka 1987 kundi la Phuture likatoa Acid Tracks, na namna mpya ya muziki ikaenea mpaka Ulaya. Leo kimashine kile kinauzwa kwa maelfu ya dola. Vijana wale hawakutafuta mashine ya wakubwa. Walichukua kilichokuwa mbele yao, wakakifinya mpaka kikalia. Kijana wa Lubumbashi anayefuata mfano wao angeanza na simu yake na kompyuta ya mjomba, siyo na deni.

Sasa mikro, na hapa hasira ina haki yake. Mikro inayotafutwa kuliko zote ni Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966. Ni mikro ngumu, haihitaji betri wala umeme wa pembeni, inaanguka na kuendelea kuimba. Kwa ajili hiyo ndiyo inayoigwa kuliko zote, na kampuni yenyewe inawaonya wanunuzi kila mara juu ya zile za uongo. Katika masoko ya Ulaya na Marekani mpya inauzwa karibu dola 100. Mtu anayeuziwa sokoni kwa dola 20, na sanduku juu, na kibegi, na kadi ya garanti, ajue ananunua sanduku. Ya kweli ina uzito wa gramu 298. Mzani wa mama muuza unga unatosha kuanza uchunguzi, ingawa wale wajanja wameanza kutia chuma ndani ili uzito ukaribie. Kibaya zaidi, muuzaji hamdanganyi mtu asiyejua. Anamdanganya yule aliyejifunza jina bila kujifunza sauti. Kama mnunuzi angesema, "Leta mikro tatu, funga zote, nisikie," jina lingebaki bila kazi, na labda angerudi nyumbani na mikro ya dola 30 isiyojulikana na mtu, lakini inayosema ukweli juu ya jina lake.

Wengine wamepanda juu zaidi. Wanataka mikro ya kondensa, ile ya studio inayolishwa voliti 48, kwa sababu waliona picha ya Neumann U87 mbele ya muimbaji mkubwa. Mikro hiyo ni sikio kali. Inasikia pumzi, inasikia ulimi. Lakini ukiiweka katika chumba cha Kampemba chenye kuta tupu na bati, inasikia pia jenereta ya jirani, jogoo, mvua, pikipiki na kwaya ya kanisa la pembeni. Bruce Swedien, fundi aliyerekodi Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982, alikuwa na mikro zote za dunia kwenye kabati. Sauti ya Jackson alipenda kuichukua kwa Shure SM7, mikro ya dinamiki, ndugu wa ile ya baa. Kwa chumba kibaya, mikro ya dinamiki iliyosogezwa karibu na mdomo inashinda, na blanketi mbili nzito ukutani zinashinda pesa zilizobaki. Na kwa wale wa-atalaku wanaofunika kichwa cha mikro kwa kiganja ili waonekane wakali: mkono ule ndio unaoleta larseni. Siyo konsoli, siyo fundi wa sono, siyo uchawi wa orkestra jirani.

Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa. Mwaka 1952, mji ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alipita na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana Jean Bosco Mwenda. Gita moja ya mbao, sauti moja, yote ikapita katika njia moja, mono. Humo mulitoka Masanga, wimbo wa Kiswahili cha huku, ambao watafiti wa Ulaya walikaa kuandika noti zake wakijiuliza vidole viwili vinawezaje kupiga sehemu zile zote kwa pamoja. Miaka zaidi ya sabini imepita, na wapiga gita wa mbali wanaendelea kuufanyia mazoezi. Katika mji huu, wangapi chini ya miaka thelathini wanaweza kuupiga mpaka mwisho?

Kuna watakaorukia hapo na kusema: basi wanamuziki maskini wabaki na makopo, maana wazungu wanayapenda. Hapana. Mingiedi Mawangu wa Konono N°1, kule Kinshasa, alichukua sumaku za vyuma vya magari mabovu, akatengeneza mikro za likembe yake, akapitisha sauti katika spika za zamani. Matokeo yalikuwa sauti iliyochafuka kwa namna ambayo hakuna pedali iliyoweza kuiga, na mwaka 2007 Björk aliwaita katika wimbo wake Earth Intruders. Ni kazi kubwa ya akili. Lakini Mingiedi hakutafuta kuchafua. Alitafuta kusikika katikati ya kelele za mji, na alitumia alichokuwa nacho. Wanaogeuza umaskini ule kuwa mtindo, na kumwambia kijana wa Kongo kwamba chuma kibovu kinamtosha, wanasema maneno ya mtu aliyeshiba. Fundi yule anastahili sifa kwa sababu alijua umeme na sumaku, alijua kitu gani kinafanya nini. Elimu hiyo ndiyo inayokosekana katika mabishano ya siku ya posho.

Na elimu hiyo ina uhusiano na tumbo. Historia ya muziki wa inchi hii ni historia ya mwenye vyombo. Wafanyabiashara wa kigeni waliofungua Ngoma, Opika na Loningisa mjini Léopoldville ndio waliokuwa na vyombo, na wanamuziki waliviazima. Franco, aliyejitengenezea gita ya kwanza kwa kopo na nyuzi za umeme, alipata gita ya kweli alipoingia Loningisa mwaka 1953. Jina la OK Jazz lenyewe linatoka kwenye baa ya Oscar Kashama, mwaka 1956. Kijana wa leo anaona hayo na anasema: nikiwa na vyombo vyangu nitakuwa huru. Ana haki. Kosa lake liko kwenye kile anachonunua. Ananunua pedali ya kwake peke yake, na wenzake kila mmoja ya kwake, halafu jioni wote wanapangisha sono ya mtu mwingine. Mwenye sono analipwa mbele, kabla ya noti ya kwanza. Muimbaji analipwa mwisho, kama kumebaki, na mara nyingi kinachobaki ni bia mbili. Orkestra ya watu wanane ambayo ingeweka pamoja pesa za pedali zake ingepata konsoli ndogo, bafle mbili, mikro nne za kawaida na waya nzuri, na isingepangisha tena. Pendekezo hilo likitolewa, wanaguna. Kila mmoja anataka kitu cha kwenda nacho nyumbani, kwa sababu kila mmoja anajua orkestra itavunjika. Ni hoja ya maana kuliko zote zinazotolewa kule baa, na ni bora wanamuziki waizungumze wazi, kwa karatasi iliyotiwa sahihi juu ya nani atachukua nini siku ya kuachana, kuliko kuificha nyuma ya maneno ya korusi na oktavu.

Inabaki ile soksi kwenye mikro. Mambo yake ni rahisi. Nyuzi za gita zimeungwa na chuma cha ampli. Kichwa cha mikro kimeungwa na chuma cha konsoli. Vyuma vyote viwili vinapaswa kuungwa na ardhi kupitia ile waya ya kijani na njano. Ampli ikiwa na ubovu ndani na ardhi haipo, umeme unangoja njia. Mpiga gita akishika nyuzi na kugusa mikro kwa mdomo, njia ni yeye: unaingia mkononi na kutokea mdomoni, moyo ukiwa katikati. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gita wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, Uingereza, mbele ya watu, kwa kushika mikro isiyofungwa vizuri kwenye ardhi. Hakuwa mtu wa orkestra ya mtaani. Soksi iliyolowa mate na jasho haizuii kitu.

Hapa Lubumbashi prizi za aina ya Ulaya zinachanganyika na za pini tatu zinazopita Kasumbalesa kutoka Zambia, na njia ya kuzipatanisha ni kuvunja pini ya ardhi. Wengine wanaikata makusudi kwa sababu ampli inanguruma, na kweli mngurumo unapungua. Ni sawa na mtu anayevunja kengele ili alale. Mngurumo una dawa yake: prizi zote za jukwaa zitoke mahali pamoja, na kati ya besi na konsoli iwekwe boksi la DI lenye kifungo cha kukata ardhi ya sauti, bila kugusa ardhi ya umeme. Boksi hilo la kawaida ni bei ndogo kuliko pedali nyingi. Jenereta nayo inahitaji fimbo yake. Wakati wa kiangazi, udongo ukikauka, fimbo fupi haifanyi kazi vizuri. Inabidi iingie ndani zaidi, na kumwagia maji kunasaidia. Juu ya hayo, disjonkteri ya diferansieli ya miliampea 30, ile inayokata umeme mara moja unapovuja, inapaswa kuwa ya lazima kwa kila baa yenye jukwaa.

Watu watasema fimbo ya shaba itaibiwa usiku. Inawezekana, shaba inaibiwa kila siku. Fimbo ya chuma chenye zinki inafanya kazi pia, na mwizi haitamani. Lakini aibu inabaki palepale. Malori ya shaba yanapita kwenye barabara ya Kasumbalesa mchana na usiku, inchi hii iko kati ya za kwanza duniani kwa kuitoa, na katika mji mkuu wa shaba wanamuziki wanapigwa na umeme kwa kukosa mita mbili za shaba. Wakubwa wa komini wanaotoa ruhusa za baa wanauliza juu ya kodi na juu ya saa ya kufunga. Waulize pia juu ya ardhi. Wachungaji wanaonunua klavye ya tatu wamuite kwanza fundi wa umeme, kabla ya kamati ya muziki.

Na kwa siku ya posho inayokuja, bisibisi yenye taa ya kupimia umeme inapatikana kwa wauza vyuma wa sokoni, kwa pesa isiyofika hata bei ya betri ya pedali. Kabla ya wimbo wa kwanza, iguseni kwenye kichwa cha mikro, kwenye nyuzi za kila gita, na kwenye chuma cha konsoli. Ikiwaka popote, zimeni yote, msipige, hata kama mwenye baa anafoka na wateja wamekwisha kukaa.